Kungoja Sehemu ya Tatu

Suhaib aliandika tangazo siku ya Jumatatu, kwa chaki, kwenye ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni mwa banda lake la video, pale Keko mafundi wanapopanga makochi na vitanda kando ya barabara. BABA RADI SEHEMU YA TATU. JUMAPILI SAA TISA ALASIRI. MFASIRI NI YULE YULE. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, televisheni bado ni habari za Zanzibar, bara haijafika, na mtu wa Keko aliyetaka kumwona binadamu akipaa angani alikuwa hana pengine pa kwenda. Kufika Jumanne mafundi wote walikuwa wameacha kulalamikia bei ya mbao na kugeuka wataalamu wa filamu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

"Nasikia wamembadilisha Baba Radi," alisema fundi mmoja wa kupaka vanishi. "Yule wa zamani kagombana na wenye filamu. Wameleta mwingine, mwembamba."

"Mwembamba ataibebaje radi?"

"Ndiyo ninachoogopa mie. Wakimbadilisha, kiingilio changu siwapi."

"Utatoa. Sehemu ya pili ulisema hivyohivyo, ukaingia mara nne."

Walicheka, kisha wakarudi kwenye wasiwasi wao. Mmoja aliambiwa na baharia kwamba safari hii kuna joka la barafu lenye vichwa vitatu. Mwingine alihofia Wazungu wataharibu kwa kuweka mapenzi mengi. Mwajabu alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anageuza mihogo kwenye karai. Aliwasikiliza mpaka walipotulia, ndipo akauliza, "Na Mina je?"

Mafundi walibadilisha sauti. "Mina lazima aamke, Mama Lulu," alisema yule mpaka vanishi. "Mfasiri si alisema? Mwaka mzima kalala kwenye pango la upepo. Wasipomwamsha watakuwa wametudhulumu."

"Ndivyo ninavyosema na mie," alijibu Mwajabu, akaendelea na mihogo yake.

Baba Radi, kwa asiyemjua, mchana alikuwa fundi magari na usiku shujaa. Akinyoosha mkono radi inatoka, akikunja magoti anapaa. Alikuwa na binti mmoja, Mina, wa miaka sita, mwenye pengo la meno ya mbele. Mwishoni mwa sehemu ya pili Mchawi wa Barafu alimpulizia mtoto yule pumzi yake, akaanguka wa baridi mikononi mwa baba. Ndipo Adelard, mfasiri, aliyekuwa kwenye stuli kando ya skrini na kipaza sauti mkononi, akasema, "Hajafa huyu, jamani. Daktari wao anasema amelala tu. Anapelekwa kwenye pango la upepo, na sehemu ya tatu ataamka." Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia.

Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo na sinia lake la mihogo. Ilikuwa miezi miwili tangu mwanawe Lulu afariki. Lulu naye alikuwa na miaka sita, naye alikuwa na pengo. Malaria ilimpanda kichwani Ijumaa, alfajiri ya Jumamosi akafa, na baada ya adhuhuri wanaume wakambeba. Wanawake hawaendi makaburini, ndiyo desturi, kwa hiyo Mwajabu alibaki ndani katikati ya majirani, akaisikia tahalili ikipungua barabarani mpaka ikaisha. Hakuliona kaburi wala mchanga. Talha, mumewe, aliporudi alinawa miguu, akakaa kwenye mkeka, na tangu siku hiyo hakusema hata neno moja juu ya kule alikotoka.

Mwajabu hakuwa mwehu. Alijua mwanawe amekufa na alijua picha ni picha. Lakini miezi miwili alikuwa hali chakula cha maana wala hasemi na mtu, na jioni ile ya pango la upepo alirudi nyumbani, akasonga ugali, akala. Alitaka jambo moja tu: kati ya watoto wote wanaopelekwa mahali ambapo mama zao hawapaoni, amwone mmoja akirudi. Akishaliona hilo, alijiambia, atavikunja vitu vya Lulu na maisha yaendelee. Mwaka mzima alilishikilia hilo, na nani wa kumlaumu.

*

Alhamisi jioni Munira, dada mkubwa wa Talha, alikuja kutoka Temeke Mikoroshini kwa shughuli ileile aliyokuja nayo mara tatu kabla. Alikaa, akanywa maji, akakitazama kitanda kilichoegemezwa ukutani. Kilikuwa kitanda cha mninga, futi mbili na nusu, na kwenye ubao wa kichwani Talha alichonga ua. Kilichongwa kwa ajili ya Lulu alipotimiza miaka mitano. Sasa hakikuwa na godoro wala chaga, zile mbao za kubeba godoro, fremu tupu tu.

"Wifi," alisema Munira, "kitanda hiki kinafuga vumbi tu hapa. Kule kwangu watoto wanne wanalala sakafuni."

"Najua, wifi."

"Unajua lakini hukitoi."

"Ngoja Jumapili ipite. Sehemu ya tatu ikishaonyeshwa, Jumatatu uje ukichukue. Mie mwenyewe nitakufungia kamba."

Munira alimgeukia mdogo wake aliyekuwa mlangoni anatoa unga wa mbao masikioni. "Unasikia, Talha? Mwanangu analala chini anamngojea Mzungu arushe radi." Munira akateremsha sauti, akawa mkali zaidi. "Nitakwambia ukweli kwa sababu wengine wanakusema pembeni. Wanasema mke wa Talha kahamia kwenye video. Mwanamke mfiwa, katikati ya wanaume na sigara zao."

"Nauza mihogo pale, wifi."

"Siku ya Jumapili huuzi. Jumapili unalipa kiingilio na kukaa."

Mwajabu aliinuka, akaenda kukifuta kitanda vumbi kwa ncha ya kanga, kana kwamba ndicho kilichotukanwa. "Tena hata nikikupa leo, utakilalia vipi? Hakina chaga. Baba Lulu, zile chaga ulizipeleka wapi? Huu mwaka wa pili nakuuliza."

"Nilizitumia."

"Kwenye kazi ya nani?"

"Nilizitumia, Mama Lulu," alisema Talha, akatoka nje akawaacha.

Jibu lilikuwa lile lile kila mara, na Mwajabu alikuwa na tafsiri yake. Asubuhi ya msiba, maiti ya mwanawe iko ndani inaoshwa, aliisikia randa ya Talha ikikwaruza nyuma ya nyumba. Aliisikia vizuri, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, na wanawake wote waliisikia na kuinamisha macho. Mtu kafiwa na bado anamaliza oda ya mteja. Wiki iliyofuata aliona chaga hazipo, akaelewa kwamba zimeingia kwenye kitanda cha watu. Hakuwahi kumtamkia mumewe habari ya ile randa. Hakuwahi kumsamehe pia.

*

Kanda ilifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi Adelard alijifungia chumbani kwa Suhaib kuipitia, kama alivyozoea, kwa sababu mfasiri anayekutana na filamu mbele ya watu huaibika. Adelard alikuwa mtu wa Bukoba, karani wa zamani wa kiwanda cha nguo kilichopunguza wafanyakazi, na Kiingereza chake kilikuwa cha barua za ofisi. Barua za ofisi hazina wachawi. Palipomshinda alijazia mwenyewe, na watu walimpenda zaidi kwa alivyojazia. Dakika ya tano ya filamu aliona kitu ambacho hakuna wa kukijazia. Alirudisha kanda nyuma, akatazama tena, halafu akazima mashine na kwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Talha.

"Habari za kazi, Bwana Talha. Naomba tuongee pembeni kidogo."

"Ongea tu. Hapa hakuna mtu."

Adelard alitazama huku na huku, akakaa kwenye gogo. "Kesho Mama Lulu asije."

Talha aliendelea kupiga randa. "Kwa nini asije? Hana habari nyingine wiki nzima."

"Mina haamki. Filamu inaanzia kaburini kwake. Baba yake amesimama mvuani na maua."

"Wewe si ulisema kalala?"

"Nilisema mimi, ndugu yangu. Filamu haikusema. Daktari alisema amekufa, kwa Kiingereza cha wazi kabisa. Nikainua macho, nikamwona mkeo mlangoni na sinia lake. Nina watoto wanne. Mdomo ulijisemea wenyewe."

Randa ilisimama. Talha alikuwa mtu mpole, hasira yake ilikuja polepole na haikuwa na kelele. "Umemlisha mke wangu uongo mwaka mzima."

"Alikuwa hali chakula, Bwana Talha. Keko nzima tulimwona alivyokonda. Wewe ulikuwa unamlisha nini?"

Yalikuwa maneno ya kumpigia mtu, na wote wawili walilijua hilo. Talha aliokota vumbi la mbao, akalisaga kati ya vidole. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Basi danganya tena. Kesho sema lolote. Sema ni kaburi la mtu mwingine."

"Jiwe lina jina. Linajaa skrini yote. M, I, N, A. Mama Lulu anasoma."

Kweli alijua kusoma, tena vizuri. Darasa la elimu ya watu wazima alimaliza wa kwanza. "Mwambie Suhaib airushe mbele hiyo sehemu," alisema Talha.

"Nimemwambia. Anasema watu wamengoja mwaka, wakiona imerukwa watamvunjia viti." Adelard aliinuka. "Mwambie wewe leo. Kwako atalipokea vizuri kuliko kwenye banda la watu."

"Nitamwambia," alisema Talha. Alikuwa amedhamiria hasa. Jioni alikaa na mkewe uani saa nzima, akaulizia mihogo, akaulizia mwenye nyumba, akaulizia mguu wa jirani, halafu akaenda kulala.

*

Jumapili asubuhi Talha alirudi kutoka sokoni na samaki changu wawili wakubwa na nazi, jambo ambalo hakulifanya hata sikukuu iliyopita. "Upike wali wa nazi," alisema. "Nina wageni mchana."

"Wageni gani?"

"Wa Mbagala. Hawana saa maalumu. Itabidi uwepo uwapakulie."

Mwajabu alimtazama, akakuna nazi, akapika. Saa saba chakula kilikuwa tayari. Alikifunika kwa kawa, akaoga, akatoka chumbani kavaa doti ya kanga mpya ambayo Talha alimnunulia kabla ya msiba na haijawahi kuloa maji. "Wakija chakula hicho hapo. Hata wewe unaweza kupakua. Mie nakwenda kuwahi mbele."

"Nasikia hiyo filamu yenyewe mbaya," alisema Talha. "Wamembadilisha Baba Radi."

"Wamweke wanayemtaka. Mie naogopa kitu kimoja tu." Alikaa kwenye kigoda akavaa kandambili zake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alizungumza na mumewe bila ya kuulizwa. "Naogopa watakuwa wameleta mtoto mwingine. Mtoto anakua, Baba Lulu. Mwaka mzima umepita, lile pengo litakuwa limeshaota meno. Wataona hafanani, watatafuta mwingine mdogo, waseme ndiye. Nitamjua. Mtoto wa bandia mie nitamjua tu."

Hapo ndipo mahali pake pa kusema. Talha alipaona kabisa. Badala yake akasema, "Ngoja nivae viatu. Tunakwenda wote."

Mwajabu alishangaa. "Na wageni?"

"Watangoja."

*

Banda lilijaa kabla ya saa tisa. Mafundi walimwona Talha akiingia nyuma ya mkewe, wakamtania kwamba hatimaye Baba Lulu kaja kukagua viti alivyowachongea. Mtu mmoja alimpisha Mwajabu kwenye benchi la mbele kabisa, mahali pake pa kila siku, na Talha akajibana pembeni yake. Adelard alikuwa kwenye stuli yake. Alimwona Mwajabu, akamtazama Talha kwa swali, na Talha akaangalia chini. Mfasiri akapangusa jasho kwa mkono wa shati.

Suhaib akabonyeza mashine. Muziki ulipoanza watu walipiga miluzi. Baba Radi alipotokea, yuleyule wa zamani, mabega yaleyale, hakuwa mwembamba hata kidogo, banda lilitetemeka kwa furaha, na yule mpaka vanishi alisimama akapeana mikono na watu asiowajua. Mwajabu alitabasamu. Talha aliliona lile tabasamu kwa pembeni, na moyo ukamuuma kama jino.

Kwenye skrini mvua ilikuwa inanyesha. Baba Radi alitembea peke yake kwenye majani mabichi, koti jeusi, maua mkononi. Adelard alikuwa hajasema neno.

"Tafsiri basi," mtu alisema kutoka nyuma.

"Hapa Baba Radi yuko kwenye bustani," alisema Adelard kwenye kipaza sauti. "Anatembea. Anawaza jinsi ya kulifikia pango."

"Bustani gani ina mawe yamepangwa hivyo?"

"Ni bustani ya kwao huko."

"Mfasiri leo vipi? Hayo makaburi hayo."

Kicheko kidogo kilipita, kikafa chenyewe. Baba Radi alipiga goti. Picha ikalisogelea jiwe mpaka likajaa, herufi nne kubwa zilizochimbwa, chini yake miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Adelard aliteremsha kipaza sauti magotini. Hakuwa na neno tena, la kweli wala la kubuni. Kwa muda bandani ilisikika mvua ya filamu tu, na mtu mmoja akitafuna karanga.

Mwajabu alisoma jina. Alilisoma kimya, midomo ikicheza, kama walivyofundishwa darasani. Halafu akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Ni kaburi. Mina alikufa. Alikufa siku ileile."

Midomo ya Baba Radi ilikuwa inasema kitu, maji yanamtiririka usoni.

"Anasemaje?" aliuliza mtu wa nyuma, taratibu.

Adelard hakuinua kipaza sauti. Mwajabu ndiye aliyejibu, macho kwenye skrini. "Anamwambia samahani. Anamwambia, samahani mwanangu, nimechelewa kuja kukuona. Sikujua ulipo."

Kwa Kiingereza Baba Radi alikuwa anaapa kulipa kisasi, na Adelard alilielewa kila neno la kiapo kile, kwa sababu alikuwa amelipitia mara mbili. Alimtazama mwanamke yule. Kisha akainua kipaza sauti na kulirudia la Mwajabu, kwa ajili ya waliokaa mbali. "Anamwambia samahani, nimechelewa kuja kukuona. Sikujua ulipo." Mafundi, watu wazima wenye mikono migumu, waliinamisha vichwa.

Baada ya hapo joka la barafu lilitokea, lenye vichwa vitatu kama alivyosema baharia, na polepole kelele zikarudi. Mwajabu alikaa mpaka kichwa cha kwanza kilipokatwa. Alipoinuka, watu walimpisha njia bila ya kuambiwa.

*

Nyumbani chakula kilikuwa palepale chini ya kawa. Jua lilikuwa bado lipo, limelala kwenye ukuta na kwenye kile kitanda. Mwajabu alivua kandambili, akakaa mkekani.

"Wageni wako hawakuja," alisema.

"Hawakuwepo."

"Ulijua?"

"Tangu jana. Adelard alikuja kuniambia. Nilitaka kukwambia, Mama Lulu, nikashindwa."

Hakumgombeza. Talha angependa agombezwe. Alibaki amesimama, hajui pa kuweka mikono, na mkewe alikuwa anautazama mkeka tu.

"Mie sikuwahi kumdai Mina," alisema Mwajabu. "Nilitaka kuona mtu akimfikia mtoto wake. Basi. Na nimeona." "Kaa chini, Baba Lulu. Nisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Kule mlikompeleka. Mie sikwenda. Mlimtoa mlangoni pale, na mimi nimeishia pale. Nisimulie kama Adelard anavyosimulia, moja baada ya jingine, usiruke."

Talha alikaa. Alianza vibaya, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Walimsalia msikitini, safu tatu. Walipita njia ya chini kwa sababu ya juu ilikuwa na maji. Jeneza lilikuwa jepesi hata watu wakawa wanapokezana kwa adabu tu. Kaburi liko upande wa ukuta, karibu na mkorosho; mchana kivuli cha mkorosho kinafika.

"Kinafika kabisa?"

"Kinafika. Niliangalia."

"Nani alishuka ndani?"

"Mie. Walitaka kunizuia, nikashuka."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana." Alijitazama mikono. "Hapana. Alikuwa kama nikimbeba akisinzia."

"Ukamlaza vipi?"

"Ubavu wa kulia, uso kibla. Nikamfungua vifundo vya sanda. Nikamwekea udongo kidogo chini ya shavu, kama mto." Mwajabu akamwambia aendelee. "Halafu mbao. Mbao za kuegesha pale juu yake, udongo usimguse."

"Enhe."

Talha alijipangusa uso kwa kiganja kizima. "Asubuhi ile nilikwenda karakana kutafuta mbao. Zilizokuwepo zote zilikuwa za wateja. Sikutaka alale chini ya mbao za mtu mwingine. Nikarudi hapa, nyie mko ndani mnamwosha, nikachomoa chaga za kitanda chake. Nikazitoa nyuma ya nyumba nikazipiga randa upya, zisiwe na vibanzi. Zilikuwa saba. Nilifikiri itabidi nizikate." Alionyesha kwa mikono, kipimo cha futi mbili na nusu. "Zikaenea zenyewe. Sikukata hata moja."

Mwajabu alikuwa anaisikia ile randa, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, wanawake wameinamisha macho. Mwaka na miezi miwili alikuwa ameubeba mkwaruzo ule rohoni kama ushahidi dhidi ya mtu huyu. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe, kile ambacho siku ya msiba kilikataa kutoka, na majirani wawili walichungulia uani, wakaona mume na mke wamekaa mkeka mmoja, wakarudi walikotoka.

Alipomaliza jua lilikuwa limetoka kwenye kitanda. Alijifuta kwa ile kanga mpya, akafunua kawa, akapakua wali kwenye sahani moja na kuisukuma katikati yao. Wali ulikuwa umepoa. Walikula kidogo.

"Kesho nitapita kwa wifi," alisema Mwajabu. "Nimwambie aje akichukue kitanda."

"Na chaga je? Nimchongee nyingine?"

"Mchongee." Alikitazama kile kitanda, fremu tupu na ua lake kichwani. "Lakini nitamwambia wewe ndiye uliyezichonga, na ni mpya. Asije akadhani ni zile. Zile zina mwenyewe."